Amri na Jibu: Historia ya Umeme wa Kolwezi

Januari 1963, vita vya kujitenga kwa jimbo la Katanga nchini Kongo vikielekea ukingoni, kiongozi wake Moïse Tshombe alikuwa amebakiwa na mji mmoja wa kujificha: Kolwezi. Askari wa Umoja wa Mataifa walikwishachukua Elisabethville na Jadotville, miji tunayoijua leo kama Lubumbashi na Likasi. Mamluki waliobaki upande wake walitega baruti kwenye mabwawa ya Delcommune na Le Marinel katika Mto Lualaba, wakatangaza kwamba wakisogelewa watayalipua. Kwa siku kadhaa dunia ilishikilia pumzi. Tarehe 21 mwezi huo askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi, na mabwawa yakasalimika.

Walioyatega baruti walijua walichokishika. Shaba ya Kolwezi ipo ardhini tangu zama za kale, lakini kuitoa, kuisaga, kuichenjua na kuisafisha ni kazi ya mota. Mota ikisimama, kinu kinasimama. Pampu ikisimama, maji ya ardhini yanapanda na kuumeza mgodi. Aliyeshika umeme alishika kila kitu.

Historia ya mji huu imeandikwa mara nyingi kwa mikataba, kwa vita na kwa bei ya madini. Upo uzi mwingine unaopita humo wote, nao ni namna binadamu alivyojifunza kuiamuru nguvu ya umeme na kuisikia ikimjibu. Kila Kolwezi ilipoinuka, uzi huo ulikuwa umekazwa na watu wanaoujua. Kila ilipoanguka, watu hao walikuwa wametawanyika.

Mto unafungwa nira

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, ila Kolwezi yenyewe ni mji wa mwaka 1937, na kiwanda chake cha kuchenjulia kilianza kazi mwaka 1941. Wakati huo umeme wa Katanga ulitoka mashariki, katika Mto Lufira, ambako kituo cha Mwadingusha kilikuwa kimejengwa mwaka 1930. Migodi ya magharibi ilipopanuka, kampuni iliugeukia Lualaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaja kituo cha Delcommune, ambacho leo ni Nzilo, chenye megawati 108. Katikati ya muongo huo kikafuata Le Marinel, leo Nseke, chenye megawati 248. Nguvu ilizidi mahitaji, na mwaka 1956 njia ya kilovolti 220 ilivuka mpaka hadi Kitwe kuwauzia umeme majirani wa Rhodesia ya Kaskazini, miaka kadhaa kabla bwawa la Kariba halijakamilika.

Reli nayo iliingia. Mwaka 1952 kampuni ya BCK ilianza kuendesha treni za umeme kati ya Jadotville na Tenke kwa mkondo geu wa hezi 50, frikwensi ileile ya mtandao wa viwandani. Ulaya ilikuwa bado katika majaribio ya mfumo huo, na reli ya Katanga ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuutegemea kwa kazi ya kila siku. Baadaye vikaja kiwanda cha Luilu mwaka 1960 na kiwanda cha kuchenjulia cha Kamoto mwaka 1968.

Ndani ya viwanda hivyo palikuwa na mota zisizohesabika, na nyingi zilikuwa za aina moja, ile ambayo mkondo geu huzungusha uga wa sumaku na mhimili ukaufuata. Mota hiyo ni imara na rahisi, lakini ina ukaidi wake: mwendo wake unaamuliwa na frikwensi. Kwa hezi 50, mota yenye ncha nne za sumaku itazunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, iwe kazi ni kubwa au ndogo. Ukitaka maji kidogo kutoka kwenye pampu, unabana vali huku mota ikiendelea kula umeme. Tena kila inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara sita au saba ya ule wa kawaida, na mtandao mzima unayumba.

Amri ya zama hizo ilikuwa ya upande mmoja. Mwendeshaji alibonyeza kitufe, kontakta ikajifunga kwa kishindo, umeme ukapita. Kontakta haikujua kama mota imezunguka kweli, kama beringi imeanza kupata moto, au kama mkanda wa kusafirisha mawe umekatika. Kujua hayo ilikuwa kazi ya fundi: mkono wake juu ya ganda la mota, sikio lake kwenye mlio, jicho lake kwenye mshale wa ampia. Makabati ya rilei, yenye mamia ya nyaya zilizofungwa moja moja, yalihifadhi kanuni ya nani aanze kabla ya nani. Kubadili kanuni hiyo kulimaanisha kufungua nyaya na kuzifunga upya.

Kilomita 1,700

Januari 1967 serikali ya Kongo ilitaifisha mali za Union Minière, na kampuni iliyozaliwa ikaja kujulikana kama Gécamines. Kolwezi ilihitaji umeme zaidi, na huko magharibi, karibu na bahari, palikuwa na maporomoko ya Inga katika Mto Kongo. Inga I ilianza mwaka 1972. Ndipo serikali ya Mobutu ilipoamua kuuleta umeme wa Inga hadi Kolwezi kwa njia ya kilomita 1,700, ndefu kuliko zote duniani wakati huo.

Sababu za uamuzi huo zimejadiliwa sana. Mito ya Katanga yenyewe ilikuwa na nafasi ya vituo vingine, na wachambuzi wengi wameona mkono wa siasa: jimbo lililowahi kujitenga lingefikiri mara mbili kama swichi yake ingekuwa upande wa pili wa nchi. Gharama ilipanda mno na ikawa sehemu ya deni lililolielemea taifa. Njia ilipita juu ya vijiji vingi bila kuwaachia hata taa moja, kwa kuwa mkondo mnyoofu wa kilovolti 500 hauteremshwi kwa transfoma ya kawaida. Vita navyo viliifuata kazi. Mei 1978, waasi walipoiteka Kolwezi na askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakarushwa kwa miavuli, wafanyakazi wa kampuni ya Marekani ya Morrison-Knudsen waliokuwa kwenye mradi huo walikuwa wamekwisha kuhamishwa haraka.

Pamoja na hayo yote, kilichosimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa ajabu ya uhandisi. Kampuni ya ASEA ya Sweden iliweka kituo Inga cha kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, na kingine Kolwezi cha kuurudisha kuwa geu, kwa uwezo wa megawati 560. Kazi ya kugeuza ilifanywa na thairista, vipande vya silikoni vinavyoruhusu mkondo upite pale tu vinapopewa ishara, mara nyingi kwa sekunde, na kila ishara lazima ifike kwa wakati wake hasa.

Hapo ndipo amri ilipopata jibu. Katika mfumo wa namna hii, kituo kinachotuma husimamia kiasi cha mkondo, na kinachopokea husimamia volti. Wanaoviendesha hupatana kiwango, na vituo vyenyewe huarifiana. Mawasiliano yakikatika, kila upande una kanuni yake ya kuendelea bila kumdhuru mwenzake: kinachopokea huwekewa kiwango cha mkondo kilicho chini kidogo ya kile cha mtumaji, ili visigombanie usukani. Kanuni hiyo, kwamba mtambo lazima ujue la kufanya mwenzake anaponyamaza, ndiyo moyo wa kila programu inayoandikwa leo kwa ajili ya mota.

Kituo cha Kolwezi kilibeba pia siri ya kifaa kidogo ambacho mafundi wa mji huo hukiita kwa jina la Kifaransa cha kazini, variateri. Variateri huchukua mkondo geu, huugeuza kuwa mnyoofu, kisha hutengeneza mkondo geu mpya wenye frikwensi inayotakiwa. Njia ya Inga hadi Kolwezi hufanya kazi hiyohiyo, nusu moja ikiwa kando ya Mto Kongo na nusu ya pili Katanga. Kwa hiyo elimu ya kugeuza umeme kwa silikoni ilikuwepo Kolwezi kabla variateri hazijawa kitu cha kawaida viwandani.

Ughaibuni, vifaa hivyo vilikuwa vikikua. Mwaka 1968 Danfoss ya Denmark ilianza kuuza variateri iliyotengenezwa kwa wingi. Mwaka huohuo Dick Morley na wenzake huko Massachusetts walianza kubuni kompyuta ya kiwandani ya kuchukua nafasi ya makabati ya rilei. Kifaa chao, Modicon 084, kilipata kazi katika viwanda vya magari vya General Motors, na kikawa mzazi wa otomati, yaani kompyuta za namna hiyo, zote zilizofuata. Tangu hapo, kubadili kanuni ya mtambo kukawa ni kuandika upya mistari ya programu, na nyaya zikaachwa mahali pake. Mwaka 1979 Modicon ilitoa Modbus, kanuni rahisi ya maswali na majibu kati ya vifaa, na muongo uliofuata Ujerumani ikazaa Profibus. Sasa otomati na variateri ziliweza kuzungumza kwa waya mmoja.

Miaka ya kuporomoka

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka uliofuata uporaji ulioanzia Kinshasa ulifika Katanga. Kisha, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa nguvu Likasi na Kolwezi. Familia zililala katika stesheni zikingoja treni, na wengi walifia humo na njiani.

Ni jeraha la kibinadamu kwanza, na halipaswi kupimwa kwa tani. Lakini historia ya mitambo haiwezi kulipita kimya, kwa sababu Wakasai walikuwa sehemu kubwa ya mafundi, makarani na wahandisi wa Gécamines na wa reli. Aliyejua kwa nini rilei fulani iliunganishwa upya, aliyekumbuka ni mota ipi haiwezi kuanza kabla ya nyingine, alipanda behewa na ujuzi wake. Michoro iliyobaki haikuandika yote aliyoyajua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi tani thelathini elfu hivi kwa mwaka.

Mwaka 2003 ukaja mpango wa kupunguza wafanyakazi uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wakati huohuo njia ya Inga ilikuwa ikikatwa vyuma vya minara yake na wezi, na vituo vyake vikizeeka bila vipuri. Shimo kubwa la KOV, lililokuwa mojawapo ya hazina za Kolwezi, lilijaa maji na kuwa ziwa.

Mashine zinajifunza kujibu

Ziwa hilo ndilo lililofungua ukurasa mpya. Baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002 wawekezaji walirudi, na kampuni ya Nikanor ikaanza kulipampu KOV. Mwaka 2008 iliungana na Katanga Mining, na kazi ikaendelea chini ya Kamoto Copper Company, ambamo Gécamines imebaki na hisa. Tenke Fungurume ilianza kuzalisha mwaka 2009, Sicomines mwaka 2015, na Kamoa-Kakula, magharibi ya mji, Mei 2021. Mwaka 2009 ABB, mrithi wa ASEA, ilipewa mkataba wa kuhuisha vituo vya Inga na Kolwezi, thairista na vidhibiti vyake. Kituo kipya cha Busanga, chenye megawati 240, kikaongezwa kwenye Lualaba.

Viwanda vipya vilikuja na otomati na variateri tangu msingi. Faida ya kwanza ni ya hesabu tu. Kwa pampu ya maji au feni ya mgodini, nguvu inayohitajika hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Punguza mwendo hadi asilimia 80, na mota inahitaji takriban nusu ya umeme wa mwanzo. Katika mkoa ambao umeme hautoshi, ambako migodi huagiza umeme kutoka Zambia na kuwasha jenereta za dizeli, nusu hiyo ni hazina. Faida ya pili ni kwamba variateri huanzisha mota polepole, bila ule mkondo wa mara sita unaoyumbisha mtandao dhaifu.

Faida ya tatu ndiyo inayobadilisha kazi ya fundi. Mota sasa inajibu. Katika kanuni inayotumiwa sana pamoja na Profibus na mrithi wake Profinet, otomati hutuma kwa variateri neno la amri lenye biti kumi na sita pamoja na kiwango cha mwendo, na variateri hurudisha neno la hali pamoja na mwendo halisi. Biti moja ya neno la hali inasema niko tayari, nyingine inasema nafanya kazi, nyingine inasema nina hitilafu. Ukiomba zaidi, itakupa mkondo, joto na nambari ya hitilafu ya mwisho. Yale ambayo mkono wa fundi uliyatafuta juu ya ganda la mota yanafika kwenye skrini kila sehemu ndogo ya sekunde.

Mazungumzo hayo yana adabu yake, na anayeyaandika lazima aijue. Huwezi kuianzisha mota kwa kutuma amri ya kwenda peke yake. Kwanza hutumwa neno 047E, lenye maana ya jiandae, huku biti ya kwanza ikiwa sifuri. Variateri ikishajibu kwamba iko tayari ndipo hutumwa 047F, biti hiyo ikiwa imepanda kuwa moja. Kinachoamsha mota ni kule kupanda. Katika mji unaokatikiwa na umeme, kanuni hiyo ni kinga ya uhai. Umeme ukirudi ghafla na kukuta 047F ingali imewekwa, variateri haitaondoka. Itasubiri ishushwe na kupandishwa upya, na fundi aliyeingiza mkono kwenye mkanda atakuwa amepata nafasi ya kuutoa. Hata hivyo, kanuni hiyo haichukui nafasi ya kufuli kwenye swichi kuu, na hakuna programu inayoweza kuichukua.

Makosa nayo ni ya aina mpya. Kwa kanuni hiyohiyo mwendo kamili huandikwa 16,384. Vifaa vingine hutanguliza nusu kubwa ya neno na vingine nusu ndogo, na programu isipozibadilishana, 16,384 hufika ikisomeka 64. Waya ni mzima, amri imepokelewa, mota inazunguka chini ya asilimia moja ya mwendo wake, na mtu anaweza kushinda siku nzima akifungua vifuniko kutafuta ubovu usiokuwepo. Au kizuizi cha mwisho wa waya wa Profibus kimesahaulika, ishara zikirudi nyuma na kuvurugana, na variateri zikapotea mtandaoni moja baada ya nyingine bila mpangilio unaoeleweka.

Na lipo swali lililoulizwa zamani kati ya Inga na Kolwezi: mwenzako akinyamaza, ufanye nini? Variateri huwekewa muda wa kungoja. Ukipita bila kusikia kutoka kwa otomati, itasimama au itaendelea na mwendo wa mwisho, kulingana na ilivyoagizwa. Kwa mkanda wa kubeba mawe, kusimama ndiko salama. Kwa pampu inayozuia maji yasipande mgodini, kusimama huenda ndiyo hatari yenyewe. Hakuna kitabu cha kiwanda kinachoweza kumjibia mwandishi wa programu. Lazima aujue mgodi, maji yake na watu walio chini. Mei 2025 mitetemo ya ardhi ilisimamisha kazi za chini ya ardhi Kakula na maji yakapanda. Kazi ya kuyapampu iliyofuata iliwakumbusha wote kwamba Kolwezi bado inaishi kwa pampu zake.

Nani anashika programu

Katika zama za rilei, kanuni ya kiwanda ilionekana kwa macho. Kijana mwenye taa na subira aliweza kuufuata waya hadi mwisho na kuelewa. Leo kanuni imo ndani ya otomati, na mara nyingi imefungwa kwa neno la siri lililobaki kwa mkandarasi aliyeifunga mitambo. Siku kinu kikisimama, kiwanda humngoja mtu wa kutoka Johannesburg, Shanghai au Ulaya afungue kompyuta yake, hata pale mhandisi wa Kikongo aliyepo anapoijua lugha ya programu hiyo barabara.

Sheria ya mwaka 2017 kuhusu mikataba midogo iliyatengea makampuni yenye mtaji wa Wakongo kazi za mikataba hiyo, na sheria ya madini ya mwaka 2018 iliongeza sehemu ya taifa. Ni hatua za haki. Lakini zinahesabu hisa na fedha, na hisa haziianzishi pampu usiku. Kila mkataba wa mtambo unapaswa kudai kwamba programu kamili, pamoja na maelezo yake, orodha ya anwani za mtandao na maneno yake ya siri, ikabidhiwe kwa wahandisi wa kiwanda siku mtambo unapozinduliwa. Chuo Kikuu cha Kolwezi na taasisi za ufundi za mkoa wa Lualaba zinastahili kuwa na otomati na variateri halisi mezani, ili mwanafunzi aikosee 047F darasani, ambako kosa haligharimu kidole cha mtu.

Wenye mji huu waliwahi kupoteza ujuzi wao mara mbili, mara ya kwanza kwa chuki na mara ya pili kwa mpango wa kupunguza watu, na kila mara uliondoka vichwani mwa watu bila kuachwa kwenye maandishi. Programu iliyoandikwa vizuri, ikaelezwa na kuwekwa wazi kwa wanaoihitaji, ni njia ya kuuacha ujuzi nyuma hata fundi anapostaafu. Mwaka 1963 yalilindwa mabwawa, na ilikuwa lazima. Mali ya Kolwezi inayohitaji kulindwa leo ni uwezo wa mtoto wake mwenyewe kuufungua mtambo, kuusoma, na kuuamuru ukamtii.